Wiki ya Tatu

Ukitaka kumtuliza mtu wa Dzaleka, usimwambie kwamba jambo analoliogopa hutokea kwa nadra. Hapa kila ukoo una jambo lake la nadra. Yupo aliyehakikishiwa kwamba vita havitavuka mlima, vikavuka usiku uleule. Yupo aliyepanda boti kutoka Baraka, upande wa Kongo, kwenda Kigoma siku ambayo wavuvi wenyewe walisema ziwa limetulia, na hakufika na wote aliopanda nao. Tulipita Tanzania, tukaingia Malawi kwa Karonga, tukaletwa huku wilayani Dowa, mahali ambapo enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa jela, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 na ambayo leo ina zaidi ya 50,000. Watu wa namna hii wana hesabu yao ya jinsi mambo yanavyomfika mwanadamu, na hesabu hiyo haifanani na ya daktari.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu mjomba wangu alipopewa karatasi ya kusaini huko Kanada. Sijafika mwisho wa kuliwaza, na pengine ndiyo sababu naandika.

Mjomba aliondoka kambini kwa mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu, yeye, mkazamjomba na watoto wao. Huko ndiko moyo wake ulikoanza kwenda bila mpangilio. Alinieleza kwa ujumbe wa sauti kwamba akilala ubavu wa kushoto husikia kifua kikipiga haraka haraka, kikasita, kikapiga pigo moja zito, kisha kikaanza tena mbio. Madaktari walimwambia chemba mbili za juu za moyo wake zinatetemeka badala ya kusukuma damu. Damu ikituama humo huweza kuganda, na bonge lake likipanda kichwani huleta kiharusi. Akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande. Akapewa na vingine vya kutuliza mapigo, vikamlegeza hadi ngazi za jengo analoishi zikamshinda. Mwishowe akaambiwa ipo njia nyingine, ya kuchoma.

Nilikuwa sijui kwamba moyo unaweza kuchomwa ili upone. Nikaanza kusoma usiku, kwa simu, mtandao unapokuwa haujazidiwa. Mwaka 1982 huko San Francisco, Melvin Scheinman na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wao wa kwanza waliounguzwa njia ya umeme wa moyo kwa mrija mwembamba uliopitishwa mshipani, bila kupasuliwa kifua. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, wakaonyesha kwamba cheche zinazoanzisha mtetemeko wa aina ya mjomba hutoka mara nyingi ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo kazi ya daktari imekuwa kuzizingira cheche hizo. Mrija huingizwa kinenani, ukapanda hadi chemba ya juu ya kulia, ukatoboa kiwambo kuingia ya kushoto, kisha ncha yake ikachoma duara kuzunguka mdomo wa kila mshipa, kwa joto au kwa baridi kali. Panapobaki kovu, umeme haupiti. Maelfu kwa maelfu ya watu hufanyiwa hivyo kila mwaka, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Zile kurasa za kusaini zilinifikia nikiwa Lilongwe, Old Town, nimekwenda kwa kibali kutafuta belo la mitumba, au kaunjika kama wenyeji wanavyoiita. Nilisimama pembeni ya duka la vitambaa, nikaegemea nguzo ya baraza, makondakta wa minibasi wakiita abiria nyuma yangu, nikaikuza picha kwa vidole viwili. Mjomba alikuwa ameishika karatasi kwa mkono mmoja na kuipiga picha kwa mkono mwingine. Kidole gumba chake kilikuwa kimeziba mstari wa mwisho wa orodha. Ukucha wake niliutambua, ule wenye ufa tangu nilipokuwa mdogo, alipougonga kwa nyundo akitengeneza mlango wetu. Nikasoma yote yaliyo juu ya kidole.

Kuvuja damu au kuvimba kinenani, mahali mrija unapoingilia. Hili ndilo la kawaida kuliko yote, na mara nyingi huisha lenyewe. Moyo kutobolewa, damu ikajaa katika mfuko unaouzunguka na kuubana usiweze kutanuka. Huwapata kama mtu mmoja katika kila mia, na wakiwahi kuinyonya damu hiyo kwa sindano mgonjwa huamka. Kiharusi, chini ya mmoja katika mia. Mishipa ya mapafu kusinyaa baada ya kuungua. Neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia kujeruhiwa, pumzi ikawa fupi kwa miezi. Kifo. Mwaka 2009 Riccardo Cappato na wenzake walikusanya taarifa za hospitali nyingi wakapata vifo 32 kati ya wagonjwa 32,569, yaani kama mmoja katika kila elfu moja. Tangu hapo vifaa na mikono ya madaktari vimeendelea.

Nikamwandikia: mjomba, ondoa kidole.

Picha ya pili ilipofika, mstari ulisomeka. Fistula kati ya moyo na umio. Nilishtuka, maana fistula kwetu ni jambo la wanawake waliozaa kwa shida. Hapohapo Lilongwe, kwenye hospitali ya Bwaila, kuna kituo kinachowatibu, na wako mama zetu wa kambini waliotibiwa huko wakarudi wakitembea bila haya. Kumbe tundu la namna hiyo, lisilotakiwa kuwepo kati ya kiungo na kiungo, laweza kutokea kifuani pia. Umio, njia ya chakula, hupita nyuma kabisa ya chemba ya juu ya kushoto, na kati yake na moyo pana milimita chache tu za nyama. Anayejua nyumba zetu za matofali mabichi, zile ambazo familia mbili hutumia ukuta mmoja, ataelewa haraka: moto wa jiko upande huu huukausha na kuupasua ukuta upande wa pili, na ufa hauonekani siku ya kupika.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa wagonjwa wa kuchomwa kwa mrija mwaka 2004. Jeraha huanza dogo. Siku zinavyokwenda, ukuta ulioungua hulainika na kuachia, kisha hewa, mate na vijidudu vya njia ya chakula huingia moja kwa moja kwenye damu. Mtu hupata homa. Hupata maumivu ya kifua, au akimeza anaumia. Wengine hupooza ghafla kwa sababu viputo vya hewa vimefika kwenye ubongo. Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa uliojumlisha matibabu 553,729 kutoka nchi 35. Waliopata fistula hiyo walikuwa 138, karibu mmoja katika kila 4,000, na wengi wao walikuwa wamechomwa kwa joto, si kwa baridi. Kati ya waliopata fistula, theluthi mbili walifariki.

Mimi niliishika ile 4,000. Usiku nikampigia mjomba, kwao bado ni mchana, nikamwambia kwa furaha kabisa kwamba angeweza kujaza watu uwanja mdogo wa mpira, na ni mmoja tu ndiye angepatwa. Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Mpwa wangu, na hao 138 waliambiwa hivyohivyo."

Hakusema kwa hasira, wala hakusema kwa kukataa matibabu. Alikuwa ameshaamua kutibiwa. Alichokuwa akiniambia, nadhani, ni kwamba nilikuwa nimemletea jibu la swali ambalo yeye ameshalivuka. Idadi ile inamsaidia mtu anayejiuliza: nikubali au nikatae? Ukishakubali, haikusaidii tena. Hakuna mtu anayepatwa na sehemu moja ya elfu nne ya ugonjwa. Utapatwa wote au hutapatwa kabisa, na utalazimika kuishi wiki kadhaa bila kujua uko upande gani.

Basi nikarudi kusoma, safari hii nikitafuta kitu kingine. Sikutafuta wangapi, nilitafuta lini na vipi. Na hapo nikaona jambo ambalo mara ya kwanza lilinipita, ingawa lilikuwa katika utafiti uleule. Kwa kawaida dalili zilianza siku ya kumi na nane hivi baada ya kuchomwa, na zilizochelewa sana zilifika hadi miezi miwili. Yaani mtu ameshatoka hospitali. Kidonda cha kinena kimekauka, majirani wameshakuja na kuondoka, ndugu wa mbali wameshashukuru Mungu na kurudia mambo yao. Kisha inakuja homa, na homa hiyo haina uso wa ugonjwa wa moyo. Na jambo la pili: kati ya waliofanyiwa upasuaji wa kuziba tundu, karibu nusu walipona. Kati ya walioachwa kwa dawa tu bila kuzibwa, tisa katika kila kumi walifariki. Kwa hiyo kifo kilichoandikwa kwenye ile karatasi hakikuwa kimekwisha kupangwa chote. Sehemu yake ilitegemea nani atakuwa karibu na mgonjwa wiki ya tatu, na kama mtu huyo anajua anachokitazama.

Nimekaa na wazo hili kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwanzoni lilinifariji, kwa sababu lilinipa kazi. Baadaye likaanza kunisumbua.

Lilinisumbua kwa sababu ya jirani yetu hapa Dzaleka, mama mwenye watoto wanne, ambaye vali ya moyo wake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi alipokuwa msichana. Huyu hatakaa apewe karatasi ya kuchomwa. Moyo wake hutetemeka vilevile kama wa mjomba, lakini dawa yake ni vidonge, vipimo vya damu Lilongwe anapopata nauli, na sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne ili homa ile isirudi. Kuna wakati sindano hiyo aliinyimwa. Mhudumu mmoja alikuwa amesikia kwamba mtu mwenye ugonjwa wa moyo aliwahi kudungwa akaanguka na kufa palepale, akaogopa. Hofu yake haikuwa ya kubuni. Mambo hayo hutokea, kwa nadra sana, na mwanzoni mwa 2022 Shirika la Moyo la Marekani lilitoa waraka uliosema kwamba baadhi ya vifo hivyo huenda havisababishwi na mzio wa penisilini, bali na moyo uliodhoofika mno usioweza kustahimili maumivu na mshtuko wa sindano, na kwamba wagonjwa wa namna hiyo wafikiriwe kupewa vidonge. Lakini jirani yetu hakuwa amedhoofika kiasi hicho. Alikaa miezi bila sindano na bila vidonge, akimlinda mhudumu dhidi ya jambo la nadra, huku jambo la kawaida likimsogelea yeye.

Nilipokuwa nikimwandalia mjomba orodha yangu ya dalili za kutisha, nilimkumbuka mhudumu yule, na sikuweza kumlaumu kama nilivyomlaumu siku ile. Alikuwa anajua jambo moja la kweli na kulishika kwa nguvu zake zote. Na mimi je? Kujua kitu kinachoua mtu mmoja katika 4,000 kunaweza kukufanya mlinzi mwema, au kunaweza kukufanya mtu wa kuzuia mlango. Sikuona dalili ya wazi ya kunionyesha mimi ni yupi.

Nikamwuliza mjomba kama anataka niendelee. Akasema niandike, lakini nisimwandikie yeye. "Mwandikie binti yangu. Mimi nitakuwa mgonjwa. Mgonjwa hapaswi kujichungulia kila saa." Nililiona ni neno la busara, na bado naliona hivyo. Binamu yangu huyo anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, si mtu wa hospitali. Tulikubaliana mambo machache. Aandike kwenye kadi, kwa lugha ya huko, tarehe ambayo baba yake alichomwa moyo, chemba gani, hospitali gani na namba ya kupiga. Miezi miwili ya kwanza, homa yoyote, maumivu ya kumeza, kutapika damu, mkono kulegea au maneno kupotea, asisubiri asubuhi. Akifika mapokezi ya dharura, kadi itangulie kabla ya maelezo, kwa sababu daktari wa zamu si yule aliyechoma, na pengine hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii maisha yake yote. Na wakitaka kumwingiza mrija wa kamera kooni, kabla hawajafanya hivyo waulizwe kama wamesoma kadi: kipimo hicho hupuliza hewa ndani ya umio, na kama tundu lipo, hewa hiyo huingia kwenye damu. Picha ya CT ya kifua ndiyo hutangulia. Mambo haya yote binamu aliyapeleka kwa waliokuwa wakimtibu baba yake, wakayathibitisha, wakamwongezea na dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ambayo wangempa hata hivyo. Nilifurahi kusikia kwamba wakati wa kuchoma huweka kipimajoto ndani ya umio, na wakifika ukuta wa nyuma hupunguza moto na kuharakisha. Wao pia walikuwa wakilinda ukuta uleule.

Siku ya matibabu ilipita vizuri. Mjomba alituma picha akiwa amelala chali, mguu umenyooshwa, akicheka. Kambini tulimwombea, mkazamjomba akapika huko wakala, nasi tukala chetu huku.

Homa ikaja wiki ya tatu.

Ilikuja jioni ya kwao, kwetu usiku wa manane, na niliisikia asubuhi kupitia jumbe za sauti zilizofuatana. Mkazamjomba alisema ni mafua, kila mtu kwenye jengo anakohoa. Mjomba mwenyewe akasema ni uchovu. Binamu alikuwa amevaa koti la kazi tayari. Aliniambia baadaye kwamba alisimama mlangoni akiwa hajui afanye nini, kwa sababu homa ilikuwa ndogo na baba yake alikuwa akiongea vizuri, na akimpeleka hospitali atakosa zamu, na zamu yenyewe ndiyo kodi ya nyumba. Akamwuliza kama kumeza kunauma. Mjomba akasema kidogo. Neno hilo, kidogo, ndilo lililompeleka.

Walipigwa picha ya CT usiku huo. Umio ulikuwa mzima, ukuta ulikuwa mzima. Kilikuwa kichomi, pafu la kulia, chini. Akapewa dawa za vijidudu, akalala siku chache, akarudi.

Hapa ndipo ninapokwama kila nikitaka kusimulia habari hii, kwa sababu anayenisikiliza husubiri niseme kwamba orodha ilimwokoa, nami siwezi kusema hivyo. Haikumwokoa na fistula, maana haikuwepo. Kichomi kingetibiwa hata angechelewa siku moja. Kilichotokea ni kwamba familia ilipitisha usiku mmoja wa hofu kuu, binamu akakosa zamu, na mkazamjomba akaniambia, kwa upole unaoumiza kuliko ukali, kwamba mimi niko mbali na maneno yangu ndiyo yaliyofika kitandani kwao. "Ulitupa ugonjwa ambao hatukuwa nao, baba." Nilimwomba radhi. Binamu alipopata habari akanipigia kunikatalia ile radhi. Yeye anasema siku za kabla ya homa ndizo zilikuwa na hofu, hofu isiyo na umbo, na kadi ndiyo iliyoipa umbo na mwisho: baada ya miezi miwili aliichana. Wote wawili wanaishi katika nyumba moja na wote wawili nawaamini.

Nimejaribu kufikiri ingekuwaje kama mambo haya yangetokea huku kwetu, na huku si mbali sana tena. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam, siku hizi inatibu matatizo ya umeme wa moyo kwa njia hii, na Nairobi nako hufanyika. Ninaona fahari, na nasema hivyo bila kificho. Lakini namfikiria mgonjwa wa Kigoma aliyetibiwa Dar es Salaam akapanda gari kurudi kwao, zaidi ya kilomita 1,000. Wiki ya tatu anapata homa. Kwetu homa ina mwenyewe: ni malaria hadi ithibitike vinginevyo. Atapimwa kidole, na huenda kipimo kikaonyesha malaria kweli, kwa sababu wengi wetu huishi na vimelea bila kuugua. Atapewa dawa mseto aende nyumbani. Hakuna aliyekosea. Mganga amefuata mwongozo, mgonjwa amemeza dawa zote, na siku tatu zinazopita ndizo siku ambazo upasuaji ungekuwa na maana. Ndiyo maana naona, na hili ndilo moja ninalolisema kwa uhakika zaidi ya mengine, kwamba mtu anayechomwa moyo katika nchi zetu anapaswa kurudi kwao na ile kadi, iandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya ripoti za hospitali, itaje na malaria waziwazi: hata kama kipimo ni chanya, pigeni namba hii. Inagharimu kipande cha karatasi. Wengi hawataihitaji kamwe, na hiyo si hoja ya kutoitoa.

Naambiwa kwamba huenda fistula hii yenyewe ikaja kusahaulika. Ipo njia mpya inayotumia mipigo mifupi ya umeme wa nguvu badala ya joto au baridi. Inaua chembe za misuli ya moyo na kuuacha umio bila kovu. Taarifa zilizokusanywa kutoka wagonjwa zaidi ya 17,000 na kuchapishwa mwaka 2024 hazikuonyesha hata fistula moja. Nilisoma nikashangilia peke yangu gizani. Kisha nikasoma mbele: mipigo hiyo nayo huweza kubana ghafla mishipa inayolisha moyo, na ikiwa mingi sana huvunja chembe nyekundu za damu hadi figo zikaelemewa. Kwa nadra. Basi nadra mpya imechukua nafasi ya nadra ya zamani, na kwa kweli ni ndogo zaidi, na inatibika zaidi, na nadhani kama ningekuwa mjomba ningechagua hiyo. Nadhani tu. Njia hiyo ni changa, na ile ya kwanza ilikuwa imetumika miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kuliona tundu.

Jirani yetu amerudia sindano zake. Mhudumu mwingine aliyekuja alimlaza kitandani kwanza, akampa maji ya kunywa, akamdunga polepole, akakaa naye muda kabla ya kumruhusu ainuke. Nilikuwepo, nilikuwa nimemsindikiza. Hakumwambia kwamba hakuna hatari. Alimwambia atakaa naye.

Mjomba naye hajamaliza. Mapigo yalitulia miezi kadhaa, kisha mtetemeko ukarudi, mwepesi kuliko wa kwanza. Madaktari wamemweleza kwamba si ajabu, kwamba wengi huhitaji kuchomwa mara ya pili, na safari hii wangetumia ile mipigo mipya. Karatasi nyingine imeshaandaliwa, na familia imegawanyika kama awali: mkazamjomba anataka wabaki na vidonge, binamu anataka baba yake aweze kupanda ngazi, na mjomba anasema atasaini akipata majibu. Ameniomba nimtumie maswali, si majibu, na amesisitiza hilo mara mbili. Nimeshaandika la figo, anywe maji kiasi gani baada ya kutoka na mkojo ukibadilika rangi ampigie nani. Nimeandika pia kama dawa ya kuzuia damu isigande itaendelea hata mapigo yakitulia. La tatu nimeliandika nikalifuta, kisha nikalirudisha: kama madaktari wenyewe wangekubali mkazamjomba aingie chumbani wakati wa maelezo, na wamsikilize yeye kwanza.